Kofi Lililosahauliwa: Msomaji na Anguko la Gunnar katika Njáls saga

Msomaji anayefika sura ya 77 ya Njáls saga kwa mara ya kwanza aghalabu hukifunga kitabu akiwa na hasira. Gunnar Hámundarson, shujaa wa Hlíðarendi kusini mwa Aisilandi, amezingirwa nyumbani kwake na watu arobaini. Adui mmoja amemkatia upote wa upinde wake. Gunnar anamwomba mkewe, Hallgerðr, shungi mbili za nywele zake ndefu ili yeye na mama yake wazisokote ziwe upote mpya. Hallgerðr anauliza kama jambo lo lote linazitegemea nywele hizo. Gunnar anajibu kwamba uhai wake unazitegemea. Hapo mke anamkumbusha kofi alilompiga zamani, na kumnyima. Muda mfupi baadaye Gunnar anauawa.

Hasira ya msomaji humwelekea mtu mmoja tu, naye ni Hallgerðr. Makala haya yanakusudia kuichunguza hasira hiyo: inatoka wapi, ina haki kiasi gani, na inafunua nini juu ya namna msomaji alivyosoma. Hoja itakayotetewa ni kwamba saga hii imempangia msomaji njia ya kusahau. Kati ya kofi na kifo msomaji amelisahau kofi kama Gunnar mwenyewe anavyoonekana kulisahau, na sehemu kubwa ya hasira anayomtupia Hallgerðr ni fadhaa ya mtu aliyekumbushwa deni ambalo hakulitia katika hesabu.

1. Saga na msimulizi wake

Neno saga lina uhusiano na kitenzi cha Kiaisilandi chenye maana ya kusema; saga ni kile kilichosemwa. Saga za Waaisilandi ni masimulizi ya nathari yaliyoandikwa hasa katika karne ya 13, nayo yahusu koo zilizoishi kisiwani humo tangu uhamiaji wa mwishoni mwa karne ya 9 hadi mwanzoni mwa karne ya 11. Njáls saga ndiyo ndefu kuliko zote. Iliandikwa karibu na mwaka 1280 na mtu ambaye hakuacha jina lake, nayo imegawanyika katika sura 159. George Webbe Dasent aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1861, na tafsiri ya Magnus Magnusson na Hermann Pálsson ya mwaka 1960 ikaifikisha kwa wasomaji wengi wa nje. Gunnar anakufa kabla saga haijafika nusu. Sehemu ya pili yahusu kuchomwa kwa rafiki yake, mwanasheria Njáll, ndani ya nyumba pamoja na jamaa zake.

Mambo mawili yapasa kueleweka kabla ya kuendelea. La kwanza ni jamii yenyewe. Aisilandi ya zama hizo haikuwa na mfalme wala askari wa dola. Sheria zilitungwa na kesi kuamuliwa katika Alþingi, baraza kuu lililokutana kila mwaka wakati wa kiangazi huko Þingvellir tangu karibu na mwaka 930. Lakini aliyeshinda kesi alipaswa kuitekeleza hukumu kwa nguvu zake na za jamaa zake. Kwa hiyo amani ilisimama juu ya nguzo tatu: dia, mapatano na hofu ya kisasi. Neno la mtu aliyekubali mapatano lilikuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na chombo kingine cha kulishikilia.

La pili ni msimulizi. Msimulizi wa saga husema lililotendwa na lililonenwa. Kwa nadra sana huingia moyoni mwa mhusika. Huzuni hudhihirika kwa uso uliobadilika rangi, na hofu kwa jibu fupi. Msimulizi akishanena kwamba fulani alinyamaza, huendelea na habari yake, akamwachia msomaji kazi ya kuujaza ukimya huo. Wolfgang Iser, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya msomaji anayedokezwa na matini, alieleza kwamba mapengo ya masimulizi ndiyo mahali ambapo msomaji huingia na kutunga maana. Katika Njáls saga mapengo ni mengi, na msomaji hana budi kuwajibika kwa yale anayoyaweka ndani yake.

2. Shujaa ambaye kuua humwia vigumu

Gunnar anaingizwa katika saga kwa sifa zinazomfanya apendwe kabla hajatenda lo lote kubwa. Aweza kuruka juu kupita kimo chake hali amevaa silaha zote. Hutumia upanga kwa wepesi hata huonekana kana kwamba panga tatu zi hewani kwa wakati mmoja. Ni mzuri wa sura, mkarimu, mpole, mwaminifu kwa rafiki zake, ingawa si mwepesi wa kuwachagua.

Lakini yanayomfunga msomaji kwa Gunnar si hayo. Mwaka wa njaa Gunnar anawagawia watu majani makavu ya mifugo na chakula mpaka ghala lake linapunguka. Anakwenda Kirkjubær kumwomba Otkell amwuzie, na Otkell anakataa. Wenzake wanamshauri achukue kwa nguvu, naye hataki. Baadaye Otkell, akiwa juu ya farasi aliyemshinda nguvu, anampita Gunnar shambani alipokuwa akipanda nafaka, na chuma cha kiatuni cha kumchochea farasi kinamkata sikio. Skammkell, rafiki wa Otkell, anaeneza uvumi kwamba Gunnar alilia. Hapo ndipo Gunnar anapochukua silaha, na kando ya mto Rangá yeye na ndugu yake Kolskeggr wanawaua Otkell na wenzake saba. Baada ya ushindi huo Gunnar anajiuliza kwa sauti kama uanaume wake umepungua kuliko wa wengine, kwa vile kuua kunamwia yeye vigumu zaidi kuliko kunavyowawia wao.

Swali hilo halina jibu katika saga, wala halirudiwi. Hata hivyo, tangu hapo msomaji yu upande wa Gunnar kabisa. Aristotle, katika maandishi yake juu ya ushairi, alisema kwamba tanzia humtaka mtu asiye mkamilifu wala mwovu, anayeangushwa na kosa fulani. Gunnar anakifaa kipimo hicho. Tatizo ni kwamba msomaji aliyekwisha kumpenda mhusika huwa mzito wa kuliona kosa lake, na huanza kulitafuta kwa mtu mwingine.

3. Onyo, na kutazama nyuma

Baada ya mapigano ya Rangá, Njáll anampa Gunnar onyo lenye sehemu mbili. Asiue zaidi ya mara moja katika uzao mmoja, na asivunje kamwe mapatano yaliyofanywa na watu wema kati yake na wengine. Akiyatenda yote mawili, maisha yake yatakuwa mafupi. Waswahili wangelitambua umbo la onyo hili mara moja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Sehemu ya kwanza inatimia kwa hila. Mörðr Valgarðsson, anayemwonea Gunnar kijicho, amepata habari za utabiri huo, naye anafanya mpango Þorgeirr mwana wa Otkell aingizwe katika mashambulizi dhidi ya Gunnar. Gunnar anamwua, na kwa hivyo amekwisha kuua mara mbili katika uzao mmoja. Hapa msomaji ana haki ya kumwonea huruma, kwani mtu aliyeshambuliwa hana nafasi ya kuuliza nasaba ya mshambulizi.

Sehemu ya pili haina hila ya mtu ye yote ndani yake. Katika Alþingi inaamuliwa kwamba Gunnar na Kolskeggr waondoke nchini kwa miaka mitatu, na kwamba Gunnar asipokwenda, jamaa za waliouawa wana ruhusa ya kumwua. Gunnar anakubali. Njáll anamhakikishia kwamba akienda atarudi kwa heshima na kufikia uzee, na asipokwenda atauawa. Mizigo inapelekwa chomboni. Ndugu hao wawili wanapokaribia mto Markarfljót, farasi wa Gunnar anajikwaa, naye anaruka chini. Uso wake unaelekea mteremko wa Hlíðarendi. Anasema kwamba haujapata kuonekana kwake mzuri kiasi hicho, pamoja na mashamba yake ya nafaka yaliyopauka na majani yaliyokwisha kukatwa. Basi atarudi nyumbani na hataondoka.

Tukio hili limesomwa kwa namna nyingi. Jónas Hallgrímsson, mshairi wa Aisilandi, alilitumia katika shairi lake Gunnarshólmi, lililochapishwa mwaka 1838 katika jarida la Fjölnir. Kwake yeye Gunnar ni mtu aliyechagua mauti kuliko kutengana na nchi yake, na katika nchi iliyokuwa chini ya utawala wa Denmark usomaji huo ulikuwa na uzito wake. Mwaka 1970 mtaalamu wa Uswidi, Lars Lönnroth, alionyesha katika jarida la Skírnir kwamba maneno ya Gunnar juu ya mashamba yaliyopauka yanafanana na maneno ya Alexanders saga, tafsiri ya karne ya 13 ya utenzi wa Kilatini juu ya Alexander Mkuu. Humo mandhari mazuri ya Asia yanamvuta mshindi katika tamaa yake. Kwa usomaji wa pili, uzuri wa mteremko ni kishawishi, na Gunnar ni mtu aliyenaswa.

Usomaji wote wawili una nguvu, lakini unamtazama Gunnar peke yake. Saga imemweka mtu mwingine papo hapo. Kolskeggr anaona mteremko ule ule. Anamsihi nduguye asiwape adui zake furaha ya kumwona akivunja mapatano. Gunnar anaposhikilia nia yake, Kolskeggr anasema kwamba yeye hatavunja neno lake katika hili wala katika jambo jingine aliloaminiwa. Kisha anamwagiza awaambie mama yao na jamaa kwamba hataiona tena Aisilandi, maana atapata habari za kifo cha nduguye. Anakwenda zake, na mwisho wa safari yake ni Miklagarðr, yaani Constantinople, ambako anaingia katika utumishi wa walinzi wa kaisari. Kolskeggr ndiye kipimo. Ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja wamefungwa na ahadi moja, na mmoja ameitimiza.

Na msomaji je? Msomaji anarudi nyumbani pamoja na Gunnar. Moyo wake haupandi chomboni. Ameuona mteremko kwa macho ya shujaa, naye anafurahi kwamba shujaa amekataa kwenda. Huu ndio ushiriki wa kwanza wa msomaji katika anguko hili, nao hausemwi mara nyingi.

Msimulizi anamalizia kwa maneno machache mno. Hallgerðr alifurahi Gunnar alipofika nyumbani. Mama yake alisema machache. Msomaji anayemchukia Hallgerðr huisoma furaha hiyo kuwa ya mtu anayengoja nafasi yake. Matini hayasemi hivyo. Yanasema alifurahi. Wa kutiwa mashaka zaidi ni ule uhaba wa maneno wa mama, Rannveig, anayejua kurudi huko kuna maana gani.

4. Kofi na nyama ya wageni

Sasa yafaa kurudi nyuma hadi sura ya 48. Baada ya Otkell kukataa kuuza chakula, Hallgerðr anamtuma mtumwa Melkólfr kwenda Kirkjubær kuiba jibini na siagi na kuichoma ghala. Kosa hili ni zito, na hakuna usomaji wa haki unaoweza kulipunguza. Gunnar anarudi kutoka Alþingi akiwa na wageni wengi. Jibini na siagi vinaletwa mezani. Gunnar, ajuaye kwamba vyakula hivyo havikuwamo nyumbani, anauliza vimetoka wapi. Hallgerðr anamjibu kwamba si kazi ya wanaume kushughulika na mambo ya chakula. Gunnar anakasirika, anasema ni vibaya yeye kuwa mshirika wa mwizi, na anampiga kofi la uso. Hallgerðr anasema atalikumbuka kofi hilo na kulilipa akiweza.

Linalofuata ni jambo dogo ambalo wahakiki wamelipita upesi. Hallgerðr anatoka, Gunnar naye anatoka pamoja naye. Vyakula vyote vinaondolewa mezani na mahali pake inaletwa nyama. Na watu wote wanadhani kwamba imefanywa hivyo kwa kuwa nyama imepatikana kwa njia njema zaidi. Kisha wageni wanakwenda zao, na habari ya wizi inachukua mkondo wake: kisu na mshipi wa Melkólfr vinaokotwa, vipande vya jibini vinalinganishwa na chombo cha kufinyangia jibini cha Kirkjubær, fidia inatolewa na kukataliwa, sikio linakatwa, damu inamwagika.

Katika msururu huo wote wizi unakumbukwa na kofi halitajwi. Wizi una mashahidi, una vielelezo, una kesi. Kofi halina kesi. Kati ya sura ya 48 na sura ya 77 wanaanguka watu wengi, na kila mmoja anahesabiwa, anadaiwa na kulipiwa dia au kuachwa bila dia kwa hukumu ya watu. Kofi peke yake halikuingia katika hesabu ya mtu ye yote isipokuwa yule aliyepigwa. Msomaji, ambaye macho yake yalikuwa kwenye mapigano, amekula nyama pamoja na wageni.

Stanley Fish, katika uchunguzi wake wa mwaka 1967 juu ya Paradise Lost ya Milton, alidai kwamba utenzi ule humnasa msomaji katika makosa yake mwenyewe ili ajitambue. Njáls saga haina nia ya mahubiri kama ya Milton, lakini mtego wake unafanana na huo. Hallgerðr anapotaja kofi wakati wa mwisho, msomaji anashtuka kwa sababu mbili. Mshtuko wa kwanza ni ukatili wa jibu. Wa pili, ambao msomaji hapendi kuukiri, ni kwamba jibu hilo lilitangazwa zamani kwa maneno yaliyo wazi, naye hakulitia maanani.

Wala hilo halikuwa tangazo la pekee. Hallgerðr alikuwa ameolewa mara mbili kabla ya Gunnar. Þorvaldr, mume wa kwanza, alimpiga uso hadi damu ikatoka. Þjóstólfr, mlezi wa Hallgerðr, akamwua, na Hallgerðr hakumzuia. Glúmr, mume wa pili, naye alimpiga. Safari hii Hallgerðr, aliyempenda mume huyo, alimkataza Þjóstólfr asilipe kisasi, lakini Þjóstólfr aliua. Hallgerðr akampeleka kwa ami yake Hrútr, ambaye alimwua. Makofi ni matatu. La kwanza lililipwa kwa idhini yake ya kimya, la pili lililipwa kinyume cha amri yake, na la tatu hakuna aliyebaki wa kulilipa ila yeye. Msomaji aliyehesabu asingeshangaa.

Haifai, hata hivyo, kuligeuza shitaka na kumfanya Hallgerðr asiye na hatia. Saga ina mambo mengi dhidi yake. Katika sura ya kwanza kabisa Hrútr anamtazama mtoto huyo na kusema kwamba hajui macho ya wezi yameingiaje katika ukoo wao. Njáll anatabiri kwamba mabaya yatatoka kwake. Rannveig anamwambia kwamba aibu ya kitendo chake itakumbukwa muda mrefu. Msimulizi mwenyewe amekwisha kumweleza kuwa ni mwenye kutumia mali bila kipimo na mkali wa tabia. Na Gunnar anasema kwamba hawataweza kumshinda kadiri atakavyoweza kutumia upinde wake. Kwa hiyo zile shungi mbili zina thamani ya kweli.

Lakini yafaa kukumbuka pia namna usiku ule ulivyokwenda kabla ya ombi la nywele. Washambulizi walikuwa wamerudi nyuma. Gunnar akaona mshale wao mmoja uko nje, akasema atawapiga nao, kwani ni aibu kwao kujeruhiwa kwa silaha zao wenyewe. Mama yake alimwonya asiwachokoze hali wamekwisha kurudi nyuma. Gunnar akautwaa mshale na kuwapiga. Gizurr, kiongozi wa washambulizi, akaona mkono wenye pete ya dhahabu ukitoka, akatambua kwamba mtu asingetafuta mishale nje kama angekuwa nayo ya kutosha ndani, akaamuru wasonge mbele tena. Basi paa likaondolewa kwa kamba, na upote ukakatwa. Msomaji anayemlaumu Hallgerðr kwa nywele alizozinyima aghalabu hana neno juu ya mkono ule uliotoka kwa majivuno. Gizurr huyo huyo ndiye aliyekataa ushauri wa Mörðr wa kuichoma nyumba. Saga imegawa sifa na lawama pande zote mbili za ukuta.

Helga Kress, mhakiki wa Kiaisilandi, katika makala yake ya mwaka 1977 aliwaelekeza wasomaji kwenye suala la uanaume na uanawake katika saga hii. Baada ya kazi ya namna hiyo si rahisi tena kusoma kifo cha Gunnar kama kisa cha mwanamke mbaya na mwanamume mwema tu. Lakini ushahidi ulio mkubwa kuliko wote umo katika jibu la Gunnar. Hallgerðr anapokataa, Gunnar anasema kwamba kila mtu ana jambo lake la kujipatia sifa, na kwamba hatamwomba tena. Hamlaani wala hasemi ameonewa. Waswahili husema kwamba mtenda akitendewa huona ameonewa. Gunnar ni mtenda aliyetendewa na hakuona hivyo. Amelipokea jibu kama mtu anayepokea hesabu iliyo sahihi. Anayelalamika kwamba Gunnar ameonewa ni msomaji, tena analalamika kwa niaba ya mtu ambaye hakumtuma.

5. Mfano wa Liyongo

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni Fumo Liyongo, ambaye kisa chake kilitungiwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mashujaa hao wawili hawana uhusiano wa kihistoria, lakini vifo vyao vina sura moja. Liyongo naye ni mtu wa upinde asiyewezekana kwa nguvu. Naye anaangushwa kutoka ndani ya nyumba yake, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa mtawala, na kwa sindano ya shaba inayochomwa kitovuni. Mama wa Liyongo naye yuko katika tukio la mwisho, akiletwa kumbembeleza mwanawe aliyepiga goti kisimani na upinde mkononi, hali amekwisha kufa.

Tofauti iko katika yale yanayompata msaliti. Mwana wa Liyongo hapati alichoahidiwa. Anakataliwa, anaugua na kufa. Hadhira ya utenzi inapewa haki yake. Hasira iliyopandishwa na usaliti inapata mahali pa kutua, na msikilizaji huondoka akiwa ametulizwa. Tena sindano ya shaba haina deni nyuma yake, kwani Liyongo hakumtendea mwanawe ubaya wa kulipwa namna hiyo. Hasira ya msikilizaji ni safi.

Katika Njáls saga hakuna utulizo wa namna hiyo. Rannveig anakaribia kumwua Hallgerðr, naye Hallgerðr anakimbilia Grjótá pamoja na mwanawe Grani. Basi. Hapana ugonjwa unaomshika wala laana inayomfuata. Msomaji aliyezoea fasihi inayomlipa msaliti ujira wake huiona saga hii kuwa na upungufu. Ingefaa aulize kama upungufu huo umo katika saga au katika shauri lake analolipeleka mbele ya msimulizi. Hallgerðr hafanani na mwana wa Liyongo, kwa sababu kitendo chake, hata kikiwa kiovu, ni malipo. Na mwandishi aliyeliacha kofi katika sura ya 48 asingeweza kumwadhibu Hallgerðr katika sura ya 77 bila kulipitisha kofi lenyewe mbele ya hukumu.

6. Hitimisho

Baada ya kifo, kila mtu anapewa neno lake. Gizurr anasema kwamba wamemwangusha shujaa mkubwa, na kwamba jinsi alivyojitetea kutakumbukwa maadamu nchi hiyo ina watu. Usiku mmoja Högni mwana wa Gunnar na Skarphéðinn mwana wa Njáll wanaliona kaburi limefunguka. Gunnar ameugeukia mwezi, uso wake una furaha, naye anaimba kwamba ni heri kufa kuliko kurudi nyuma. Saga inamwacha akiwa mchangamfu. Huzuni inabaki kwa walio nje ya kaburi, akiwamo msomaji.

Swali ambalo msomaji hulileta kwenye anguko la shujaa ni hili: nani alaumiwe? Ni swali la halali, nalo Njáls saga halilikatazi. Ila inamtaka anayeuliza alete hesabu yote: mapatano yaliyovunjwa kando ya Markarfljót, mshale uliotwaliwa kwa majivuno, jibini iliyoibwa, ghala iliyochomwa, na kofi lililopigwa. Akikosa kulileta la mwisho, hukumu yake dhidi ya Hallgerðr itakuwa hukumu ya mgeni wa Hlíðarendi, aliyeona sahani zikibadilishwa, akala kilicholetwa, na akaenda zake bila kuuliza kilichotokea nje ya mlango.